Macho kwanza, mikono baadaye: maneno kwa familia zinazoingia mabanda ya mifugo, Nane Nane Nzuguni

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo tusiile asubuhi. Ndugu wazazi na walezi, babu na bibi mlioshika mikono ya wajukuu, na ninyi watoto mliokaa hapa mbele: karibuni.

Wengi mmeingia getini na mpango mmoja. Kuzunguka mabanda yote kabla ya saa sita, kupiga picha na fahali mkubwa, kula mishikaki, kurudi mjini. Sisi wa mifugo tunawaomba mbadilishe mpango huo. Chagueni wanyama watatu, wanne wakizidi, na kwa kila mmoja mkae nusu saa. Mtoto aliyemtazama ng'ombe mmoja akila, akilala, akicheua, akiamka na kukamuliwa, huyo amejifunza mifugo. Aliyepita mbio mbele ya ng'ombe arobaini amejifunza foleni.

Mmefika mapema na mmefanya vizuri. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi upepo wa Dodoma bado una ubaridi, vumbi halijapanda na wanyama wanakula. Saa nne na kuendelea wengi hulala wakaanza kucheua, na hilo nalo ni la kutazama. Ikishapita saa sita, mbuzi wameshaguswa na kila mtu, spika zimewachosha, na mnyama aliyechoka ndiye hupiga teke. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano waleteni siku za mwanzo au za katikati, kabla kilele hakijakaribia. Tarehe 8 yenyewe ni ya viongozi na msongamano. Mtoto mdogo ataona migongo ya watu tu.

Tuanze na ng'ombe, maana ndiye mnayemkimbilia, na ndiye anayeweza kumvunja mtu mguu bila hata kukusudia. Ng'ombe jike wa asili huwa na kilo 200 hadi 300. Yule Friesian mweusi na mweupe, ng'ombe wa maziwa wa kigeni, anapita 500.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Bila kugeuka anaona karibu duara zima, zaidi ya nyuzi 300 kati ya 360. Asipoona ni mahali pawili: nyuma ya mkia moja kwa moja, na kipande kidogo mbele ya pua. Anaona mapana lakini kina hakipimi vizuri, ndiyo maana kivuli cha nguzo, mtaro, au khanga inayopepea vinamshtua kuliko inavyotuingia akilini. Basi mwendeeni kwa upande wa bega, si kwa nyuma wala uso kwa uso, mkitembea taratibu na kuongea kwa sauti ya kawaida ili ajue mko wapi. Simameni mita mbili kutoka kwenye kamba. Mtu mzima akae kati ya mtoto na mnyama, na mtoto asichuchumae karibu na miguu, isipokuwa akikamua mhudumu akiwa naye.

Kuna mzazi atasema: mbona kijijini watoto wa miaka minane wanachunga ng'ombe hao hao kwa fimbo? Wanachunga kweli. Lakini ng'ombe wa malishoni akiingiwa na hofu anaondoka zake. Huyu wa maonyesho amefungwa, hana pa kwenda, na kilichobaki kwake ni pembe au kwato. Tena teke la ng'ombe haliendi nyuma tu. Huzungusha mguu mbele na pembeni, kwa hiyo anayejiona salama kwa sababu amesimama ubavuni mwa paja yuko hasa mahali pa kupigwa. Punda yeye hupiga nyuma moja kwa moja, mara nyingi kwa miguu yote miwili.

Ng'ombe akiinamisha kichwa na kukugeuzia ubavu, akiparua ardhi kwa kwato, akitoa macho mpaka weupe unaonekana, au mkia ukipigapiga pasipo nzi, rudini nyuma. Na hapa tuseme wazi: kumpandisha mtoto anayelia mgongoni mwa fahali kwa ajili ya picha hatukukubali, hata mwenye fahali akiruhusu. Mtoto hajifunzi kitu pale zaidi ya hofu.

Sasa mwambieni mtoto aangalie mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Si kwamba yameng'oka, hakuumbwa nayo. Juu kuna ufizi mgumu, chini kuna meno manane. Anazungusha ulimi kwenye majani, anayabana kati ya meno ya chini na ule ufizi, kisha anavuta kwa kichwa na kumeza bila kutafuna sana. Majani yanashuka kwenye tumbo la kwanza kati ya manne, rumeni, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba lita 100 na zaidi. Humo wanaishi bakteria na vijidudu vingine wanaovunja nyuzi za majani ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzivunja. Kwa hiyo anayemlisha ng'ombe anawalisha kwanza wale vijidudu, nao ndio wanaomlisha ng'ombe.

Akitulia, tonge linarudi juu. Simameni upande wa kushoto wa shingo mkaone: kitu kinapanda haraka chini ya ngozi kuelekea mdomoni, taya linaanza kuzunguka. Hapo mtoto ahesabu. Kwa kawaida hutafuna mara 40 hadi 70, anameza, anatulia sekunde chache, tonge jingine linapanda. Ng'ombe mzima hucheua saa saba au nane kwa siku. Mkihesabu matonge matano na yote yakaja chini ya 40, muulizeni mhudumu kwa adabu ng'ombe amelishwa nini. Mara nyingi jibu litakuwa pumba nyingi na majani machache.

Mhudumu akiruhusu, mtu mzima aweke ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, abonyeze polepole na kusubiri. Atasikia ngumi ikisukumwa kutoka ndani, mara moja au mbili kwa dakika. Hiyo ni rumeni inachanganya chakula. Upande wa kulia hamtasikia hivyo. Shimo hilo hilo likijaa na kukaza kama ngoma, tumbo limejaa gesi na mnyama anahitaji daktari upesi.

Na hapo ndipo penye sababu ya kukataza kulisha. Mkate, maandazi na ugali vinachacha haraka mno ndani ya rumeni. Asidi inapanda, wale vijidudu wema wanakufa, na ng'ombe anaacha kula. Kipande kimoja hakimdhuru ng'ombe wa kilo 500, lakini familia mia mbili kila moja na kipande chake, huo ni ugonjwa. Toeni tu chakula anachowapa mhudumu, kwa kiasi anachosema.

Msiondoke bila kumwona akiamka. Ng'ombe hunyanyua sehemu ya nyuma kwanza huku amepiga magoti ya mbele. Punda hufanya kinyume, mbele kwanza. Mkiona ng'ombe ameketi kwa makalio kama mbwa na anahangaika kuinuka, mwiteni mhudumu.

Ukamuaji ndio hukusanya watu, na ndio huharibiwa na watu. Mkamuaji anaosha mikono, anasafisha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, anakausha kwa kitambaa safi. Matone ya kwanza mawili matatu ya kila chuchu anayakamulia kwenye kikombe cheusi, si chini. Weusi ule unaonyesha mabonge, majimaji au damu, ambazo ni dalili za ugonjwa wa kiwele. Na maziwa yenye vijidudu yakimwagwa chini huvuta nzi na kuueneza ugonjwa kwa wengine. Kule kuosha na kupapasa kiwele kunapeleka habari kwenye ubongo, homoni ya oksitosini inaachiliwa, na ndani ya dakika moja hivi maziwa yanashuka. Nguvu ya homoni hiyo ni ya dakika tano hadi saba tu. Ndoo ikianguka, mtu akapiga yowe, mwili unatoa homoni ya hofu na maziwa yanazuiwa. Mtu atadhani ng'ombe ameisha. Hajaisha, ameshtuka. Ng'ombe wa asili wana lao: wengi hawashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya, ndiyo maana mtaona ndama akiletwa, akinyonya kidogo, kisha akifungwa karibu na mama.

Mtoto akipewa nafasi ya kujaribu, afundishwe hivi. Kidole gumba na cha shahada vinabana juu kabisa ya chuchu, ili maziwa yaliyomo yasirudi kwenye kiwele. Kisha kile cha kati kinabana, cha pete, cha mwisho, kwa mfuatano kwenda chini. Anaachia, chuchu inajaa, anarudia. Watoto wengi huvuta. Chuchu inarefuka, maziwa hayatoki, ng'ombe anainua mguu. Mguu ukiinuka mara ya pili mtoto aondoke, hata kama zamu yake haijaisha.

Kabla hamjatoka banda la ng'ombe, linganisheni ng'ombe wa asili na wa kigeni. Wa asili ana nundu, na ngozi yake imelegea shingoni. Anavumilia joto, kupe na majani makavu, lakini maziwa yake ni machache. Friesian hutoa mengi, ila anataka kivuli, majani mabichi na maji: anayekamuliwa sana siku ya joto anaweza kunywa lita 60 hadi 100. Katikati yao yuko ng'ombe aina ya Mpwapwa, aliyezalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa, hapa hapa mkoani Dodoma, kwa kuchanganya damu ya zebu wa Tanzania (wale wa asili wenye nundu), Boran, na Sahiwal na Red Sindhi wa Asia, pamoja na damu kidogo ya Ulaya. Akiwepo bandani, mtazameni kwa makini. Watu wanasafiri mbali kutafuta mbegu, na huyu ni wa nyumbani.

Mbuzi na kondoo. Watoto wa mjini huwachanganya, na si kosa, kwa sababu kondoo wetu wengi hawana manyoya ya kuviringika kama wa vitabuni. Angalieni mkia: wa mbuzi husimama juu, wa kondoo huning'inia. Kondoo wa Kimasai na yule mwenye kichwa cheusi huweka mafuta mkiani na makalioni, akiba ya kiangazi. Mbuzi hutafuta majani ya vichaka, hata kusimama kwa miguu miwili ayafikie. Kondoo huinamia nyasi. Mboni za macho yao zimelala mlalo, zinawapa uwezo wa kuona pande nyingi kwa pamoja, kwa hiyo kumnyemelea mbuzi kwa kando ni kazi bure.

Umri wa mbuzi mtasomewa mdomoni mhudumu akimfunua mdomo wa chini. Chini ya mwaka mmoja, meno yote manane ya mbele ni madogo, ya utotoni. Akipita mwaka, yale mawili ya katikati yanabadilika yanakuwa makubwa. Miaka miwili hivi, manne. Mitatu, sita. Akifika minne yote yamebadilika, na baada ya hapo mnasoma tu yalivyochakaa. Anayekwenda mnadani kununua mbuzi bila kufunua mdomo ananunua maneno ya muuzaji.

Watoto watauliza mbona beberu ananuka. Waambieni ukweli: ana tezi nyuma ya pembe, na wakati wa kutafuta jike hujikojolea ndevu na miguu ya mbele. Kwa majike hiyo ni manukato. Mtoto asimsukume mbuzi kwa kiganja kwenye paji la uso, hata kwa mchezo. Mbuzi hupigana kwa vichwa, na kusukumwa pale ni kukaribishwa ulingoni. Amkune shingoni na kifuani.

Kulisha ni kwa kiganja kilichonyooka, vidole vimeshikana, gumba limebanwa ubavuni, chakula katikati. Anayeshika jani kwa ncha za vidole atang'atwa bila ubaya wowote. Mifuko na karatasi za pipi ziwekeni mfukoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini vifungashio bado vipo, na mbuzi akimeza plastiki rumeni haiwezi kuivunja. Inakaa humo, inajikunja na nyingine, inaziba njia. Mnyama anakonda huku tumbo limejaa, na mara nyingi mwenye mbuzi anajua sababu siku ya kuchinja.

Kuku sasa. Mtetea hahitaji jogoo ili atage. Jogoo anahitajika ili yai liangue. Yai moja hutengenezwa kwa saa 24 hadi 26, ndiyo maana hata kuku bora hatagi mawili kwa siku, na saa ya kutaga husogea mbele kila siku. Hana meno, chakula hukaa kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, kisha kinasagwa kwenye firigisi kwa msaada wa vijiwe alivyomeza. Wale wanaogombea firigisi mezani leo wajue kazi yake.

Vifaranga ndio hatari kubwa, na hatari ni kwao kabla ya kuwa kwenu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, maana manyoya ya kumkinga hayajaota. Akizungushwa mikononi mwa watoto kumi kwenye upepo wa Agosti, anapoa, anaacha kula, usiku anakufa. Mtoto aketi chini kabisa, aweke viganja viwili kama bakuli mapajani, mhudumu ndiye amweke kifaranga. Dakika moja inatosha. Asisimame naye, asimbane, asimbusu. Tumesema asimbusu kwa sababu kifaranga mzima wa afya anaweza kubeba salmonela bila dalili yoyote.

Kuku mkubwa hushikwa kwa kubanisha mabawa mwilini na kiganja kimoja chini ya kifua. Kumning'iniza miguu juu ni desturi ya sokoni, haifai kufundishwa watoto.

Sungura asinyanyuliwe kwa masikio. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ushike makalio, kwani akirusha miguu bila kushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo. Punda, tazameni masikio: yakilala nyuma, ondokeni. Nguruwe hutoa jasho kidogo sana, kwa hiyo tope ni la kujipoza, si uchafu wa tabia. Jike mwenye watoto asikaribiwe hata kwenye ukuta. Familia zisizokwenda kwa nguruwe hazihitaji kumweleza mtu yeyote. Na swali la mimba lisiwashtue. Sungura mwezi mmoja, nguruwe miezi mitatu na wiki tatu na siku tatu, mbuzi na kondoo miezi mitano, ng'ombe tisa, punda mwaka mzima.

Sasa mikono, na hapa tunaomba utulivu. Kinyesi cha mnyama mwenye afya kinaweza kuwa na vijidudu vya kumlaza mtoto hospitali: E. koli, salmonela, kriptosporidiamu. Havipo kwenye kinyesi tu. Vipo kwenye manyoya, kamba, uzio, vumbi la sakafu. Mtoto anashika uzio, kisha anashika andazi. Kwa hiyo chupa za maziwa, nyonyo, biskuti na juisi vibaki nje ya mabanda. Mkitoka, mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, ndipo mle. Vitakasa mikono havitoshi hapa. Havifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye uchafu, na kriptosporidiamu haifi kwa spiriti. Beseni moja la maji linalotumiwa na watu wote halifai, maana wa ishirini anachukua vya wale kumi na tisa.

Mama wajawazito, msikaribie mbuzi au kondoo anayezaa, aliyezaa karibuni au aliyetupa mimba, wala vitoto vyao vilivyozaliwa karibuni. Majimaji ya uzazi hubeba vijidudu vinavyoweza kuharibu mimba ya binadamu. Ng'ombe watazameni kwa mbali kidogo, na mikono mnawe.

Maziwa na mtindi vitauzwa. Ulizeni kama maziwa yamechemshwa. Mabichi huambukiza kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa mtu huleta homa za kuja na kuondoka na maumivu ya viungo kwa miezi. Kugandisha kuwa mtindi hakuviui vijidudu hivyo kwa uhakika. Kuchemsha ndiko kunaviua.

Wenye kuku nyumbani mnisikilize vizuri. Mdondo, ule ugonjwa wa kideri unaoua kuku, husafiri kwenye viatu. Mtu anakanyaga kinyesi hapa, jioni anaingia bandani kwake kuokota mayai, na ndani ya wiki moja mbili kuku wote wamekufa. Mkifika nyumbani, vueni viatu nje, vifueni kwa sabuni, badilisheni nguo, ndipo muwaone kuku wenu. Mkinunua jogoo hapa, mtengeni wiki mbili peke yake. Na chanjo ya mdondo aina ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, isisubiri Nane Nane ijayo. Kuku anayeumwa tayari haiponyi.

Mtoto akiharisha ndani ya siku kumi baada ya leo, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS). Kukiwa na damu, homa kali, au akikojoa kidogo kuliko kawaida, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo na mwambieni daktari kwamba aligusa mifugo, maana bila kuambiwa hatawaza hilo. Msipitie duka la dawa kununua antibaiotiki. Kwa baadhi ya aina za E. koli, dawa hizo zinaweza kuzidisha madhara ya figo.

Mabanda yako wazi. Anzieni kwa ng'ombe wakati bado wanakula, vifaranga muwaache mpaka jua lipate joto. Asanteni.